Warushaji wa nani ni bora? Hesabu za besiboli ya kompyuta kati ya Kisumu na Nakuru

Pale Kondele, Kisumu, kwa kinyozi wangu kuna skrini mbili. Ya kwanza huonyesha mpira wa Uingereza, na hiyo haihitaji maelezo. Ya pili imeunganishwa na kompyuta kuukuu iliyo kando ya pale watu wanapochajia simu, na humo kunaendelea mchezo ambao wateja wengi hawajawahi kuuona uwanjani hata siku moja: besiboli. Hakuna mtu anayekimbia. Ni majina, nambari, na maandishi yanayopanda mstari baada ya mstari. Kinyozi ana timu yake humo, ameiita Viboko wa Kisumu. Shemeji yake, ndugu wa mkewe, anaishi Nakuru na ana yake, Heroe wa Nakuru. Usiku kompyuta inazichezesha, asubuhi mmoja anampigia mwenzake simu ya kumkejeli. Sisi tuliokulia kwenye debi ya Mashemeji, Gor Mahia na AFC Leopards, tunaijua simu ya aina hiyo.

Juma lililopita kinyozi aliweka simu kwenye spika ili wote tusikie. "Shem, warushaji wangu wana 3.50, wako wana 4.00. Tuzungumze nini tena?" Shemeji akajibu kwamba hizo nambari ni za kudanganyia watoto. Mabishano yakaingia kila kiti. Mzee mmoja alidhani ni kamari ya zile mechi za kompyuta ambazo vijana huwekea pesa. Kijana wa boda akasema hakuna haja ya kubishana, kompyuta imeshaamua nani atashinda. Mwingine aliuliza tu, kwa unyenyekevu, 3.50 ya nini. Kwa kuwa niliwahi kufundisha hesabu, macho yote yakanigeukia mimi. Haya ndiyo niliyojaribu kueleza, safari hii bila kelele za mashine ya kunyolea. Nambari za timu hizo mbili nimezisawazisha ili zigawanyike vizuri, kwa hiyo zichukue kama mfano wa ubaoni.

Mchezo wenyewe kwa ufupi

Aliyecheza raundasi shule ya msingi ana nusu ya elimu hii tayari. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji ana gongo. Akiupiga anakimbia kutoka kituo hadi kituo, na akirudi alikoanzia salama, timu yake imepata alama moja. Watu wa kriketi huiita mkimbio, nami nitawafuata. Mrushaji wa besiboli husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Mpira ukitoka mkononi kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa, mpigaji ana chini ya nusu sekunde kuamua.

Mambo matatu tu nakuomba uyashike, kwa sababu yatarudi. Mpigaji akikosa mpira, au akiuacha mpira halali umpite, hiyo ni straiki. Zikifika tatu ametoka, yaani auti. Mrushaji naye akirusha nje ya eneo halali mara nne, mpigaji anatembea hadi kituo cha kwanza bila kutoa jasho. Hiyo nitaiita njia ya bure. Na mpigaji akiutandika mpira ukavuka ukuta wa uwanja, ni homurani, na kila aliyekuwa kwenye kituo anaingia naye nyumbani.

Auti tatu zikitimia, timu zinabadilishana. Kila upande hupiga awamu tisa. Maana yake kikosi cha warushaji kina kazi moja kila siku: kutafuta auti 27.

Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuzitafuta zote kila siku. Kwa hiyo timu huwa na waanzishaji, kwa kawaida watano, wanaopokezana siku. Anayerusha leo atapumzika siku nne au tano. Mwanzishaji akichoka, mpira unapokewa na wapokezi, kama kijiti katika mbio za mita 400 kwa wanne. Yule anayeingia mwisho kulinda uongozi mdogo nitamwita mmalizaji. Nilitaka kumwita mfungaji nikakumbuka kwamba kwetu mfungaji ni anayetia bao. Ligi kuu ya Marekani huruhusu wachezaji 26 kwenye kikosi, na warushaji kati yao wasizidi 13. Nusu ya timu, basi, ni watu wa kurusha. Ndiyo maana swali la kinyozi na shemeji yake si dogo.

Kuna aliyesema mchezo huu wa Wamarekani unatuhusu nini. Avuke mpaka pale Busia, aingie Uganda. Basi la Kampala hupita Lugazi, mji wa miwa kama Muhoroni yetu, na watoto wa Lugazi mwaka 2012 walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League, ligi ya besiboli ya watoto, kule Pennsylvania, Marekani.

Mchezo wa kuiga si kamari, na kompyuta haijaamua

Besiboli ya kuiga ni ya zamani kuliko kompyuta za nyumbani. Mwaka 1961 Mmarekani Hal Richman alianza kuuza Strat-O-Matic, mchezo wa kadi na dadu. Kila mchezaji halisi ana kadi yake iliyotengenezwa kutokana na rekodi zake za msimu. Unarusha dadu tatu. Dadu moja inaamua tusome kadi ya nani: ikitoka 1, 2 au 3 tunasoma ya mpigaji, ikitoka 4, 5 au 6 tunasoma ya mrushaji. Dadu nyingine mbili zinajumlishwa, na jumla inatuonyesha mstari ulioandikwa kilichotokea: auti, njia ya bure, homurani na kadhalika. Angalia uzuri wake. Mrushaji hodari hashindi kwa amri. Kadi yake ina mistari mingi zaidi yenye auti, basi.

Kompyuta inafanya jambo hilohilo, ila dadu zake ni nyingi na haziishi. Programu inayotumiwa na wengi wa aina ya kinyozi wangu, Out of the Park Baseball, ilibuniwa na Mjerumani, Markus Heinsohn. Humo mrushaji hupimwa kwa sifa tatu kubwa: jinsi anavyowakosesha wapigaji mpira, jinsi anavyozuia mpira usivuke ukuta, na jinsi anavyorusha panapotakiwa. Zingatia kwamba hizo tatu ni zilezile nilizokuomba uzishike: straiki, homurani, njia ya bure. Aliyeandika programu hakuzichagua kwa kubahatisha, na tutaona kwa nini.

Sasa, je, kompyuta imeshaamua? Imeamua uwezekano, haijaamua matokeo. Chukua shilingi, irushe mara 162, idadi ya mechi katika msimu wa Marekani. Unatarajia vichwa 81. Utapata 81 kamili mara chache sana. Kwa kawaida hutakosea kwa zaidi ya sita hivi, juu au chini, na hiyo ni katika majaribio mawili kati ya matatu. Jaribio la tatu litakwenda mbali zaidi. Maana yake timu mbili zenye uwezo sawa kabisa zinaweza kumaliza msimu moja ikiwa na ushindi 87 na nyingine 75, na mtu wa 87 akajinunulia jezi mpya kwa kujivuna. Hakuna aliyeiba. Kwa hiyo yeyote anayetaka kulinganisha warushaji lazima atafute nambari zisizoyumbishwa sana na bahati. Hapo ndipo 3.50 ya kinyozi inapoingia matatani.

Gorogoro ya besiboli

Ile 3.50 kwenye skrini huandikwa ERA. Ni wastani wa mikimbio ambayo mrushaji ameruhusu kwa kila awamu tisa, yaani kwa kila mechi nzima.

Kwa nini tisa? Kwa sababu ileile inayotufanya tuuze mahindi kwa gorogoro. Mama mmoja anakwambia gunia lake ni shilingi kadhaa, mwingine anakutajia bei ya debe; huwezi kujua nani ana bei nafuu hadi wote wapime kwa mkebe mmoja. Mrushaji aliyeruhusu mikimbio 20 katika awamu 60 anaonekana bora kuliko aliyeruhusu 30 katika awamu 100. Zidisha kwa 9, gawa kwa awamu: wa kwanza ana 3.00, wa pili 2.70. Wa pili ndiye bora. Nambari ndogo ndiyo nzuri. Hilo nalo liliwachanganya watu wawili pale kinyozini.

Kabla hatujaendelea, tahadhari moja ambayo imewaumbua wengi. Ukiona mrushaji ameandikiwa awamu 6.1, hiyo si sita na sehemu moja ya kumi. Ni awamu sita na auti moja, yaani sita na theluthi. Na 6.2 ni sita na theluthi mbili. Kwa hiyo 6.1 ukijumlisha na 6.2 unapata 13 kamili, si 12.3. Ni kama saa: saa moja na dakika 30 ukiongeza saa moja na dakika 40 hupati saa mbili na dakika 70. Shemeji wa Nakuru alikuwa akijumlisha kimakosa msimu mzima, na hakufurahi kuambiwa.

Basi Viboko: katika awamu 1,440 za msimu wameruhusu mikimbio 560, ndiyo 3.50. Heroe: awamu zilezile 1,440, mikimbio 640, ndiyo 4.00. Hadi hapo kinyozi ana haki.

Kipa na mabeki wake

Wewe ni kipa. Mbele yako kuna mabeki wanne wanaokaba kama siafu. Msimu unaisha umefungwa mabao 15. Mwenzako wa timu nyingine ana mabeki wanaotembea, amefungwa 30, lakini kila wiki anaokoa mipira ambayo wewe hujawahi kuiona ikija. Nani kipa bora? Kila shabiki wa mpira anajua kwamba mabao peke yake hayajibu swali hilo. Lakini akifika kwenye besiboli anasahau na kushikilia ERA kama kitambulisho.

Mrushaji ana watu nyuma yake pia. Mpigaji akiupiga mpira ukabaki uwanjani, kuna mchezaji wa kuukimbilia, kuuokota au kuudaka. Akiwa mwepesi, ni auti. Akiwa mzito, mpira unaanguka na mikimbio inaingia, na inaandikwa kwa jina la mrushaji. Utasema ERA huondoa mikimbio inayotokana na makosa ya wadakaji. Huondoa, ndiyo. Ila kosa huandikwa pale mchezaji alipoufikia mpira akaukoroga. Aliyechelewa hadi hakuugusa hana kosa lolote kwenye vitabu. Mzembe anasamehewa, mrushaji analipa.

Mwaka 2001 Mmarekani Voros McCracken alichapisha makala iliyowakasirisha wengi. Alisema kwamba mpira ukishapigwa na kubaki uwanjani, warushaji wa ligi kuu hutofautiana kidogo sana katika kinachofuata. Kwa kawaida mipira mitatu kati ya kumi ya namna hiyo huanguka salama. Mrushaji akipata mwaka wa mipira miwili na nusu, mwaka unaofuata mara nyingi anarudi kwenye mitatu. Wazo hilo limepunguzwa makali tangu wakati huo, kwani wapo warushaji wenye kipaji fulani cha kupata mapigo dhaifu, lakini kiini chake kimesimama. Mimi hulifananisha na wavuvi wa omena wa Dunga. Mvuvi anatawala taa yake, wavu wake na saa ya kuingia ziwani. Akishaanika omena juani, mvua ikija haimuulizi.

Kile ambacho mrushaji anakitawala mwenyewe, bila kumtegemea mdakaji, ni vitu vitatu: kumtoa mtu kwa straiki tatu, kutotoa njia za bure, na kuzuia homurani. Ndizo sifa tatu za ile programu. Mtu wa takwimu za besiboli, Tom Tango, alizifunga katika kanuni moja inayoitwa FIP, na haihitaji zaidi ya kikokotoo cha simu. Zidisha homurani kwa 13, njia za bure kwa 3, jumlisha. (Wapigaji waliogongwa na mpira huingizwa pamoja na njia za bure.) Ondoa straiki-tatu mara 2. Gawa kwa awamu. Mwisho ongeza nambari ya kusawazisha, takriban 3.10, ili jibu lisomeke kama ERA. Uzito huo unaeleweka hata bila cheti: homurani moja ni maafa, njia ya bure ni hasara ndogo, straiki-tatu ni faida.

Viboko wa Kisumu waliruhusu homurani 180, njia za bure 520, na wakatoa watu 1,260 kwa straiki tatu. Hesabu: 2,340 na 1,560, toa 2,520, inabaki 1,380. Gawa kwa 1,440, ongeza 3.10: unapata 4.06.

Heroe wa Nakuru: homurani 170, njia za bure 470, straiki-tatu 1,420. Hesabu: 2,210 na 1,410, toa 2,840, inabaki 780. Gawa, ongeza: 3.64.

Kimya kiliingia kinyozini. Kikosi chenye 3.50 kilikuwa kimebebwa, na chenye 4.00 kilikuwa kikizama kwa dhambi za wengine. Kinyozi, kumbe, pesa zake zote za kuigiza alinunulia wadakaji wenye miguu. Shemeji yake alinunua mafahali wa Kakamega: watu wa kupiga homurani, wazito kugeuka. Wapigaji waliokutana na Viboko walipata chini ya mipira mitatu kati ya kumi iliyobaki uwanjani. Waliokutana na Heroe walipata zaidi ya mitatu. Tofauti ya ERA ilikuwa ya miguu, haikuwa ya mikono.

Kuna nambari nyingine kinyozi aliyokuwa akiipenda: idadi ya ushindi ulioandikwa kwa jina la mrushaji. Hii niliipitia haraka kwa sababu haistahili muda mrefu. Mwaka 2018 Jacob deGrom wa New York Mets alikuwa na ERA ya 1.70, ya ajabu, na akamaliza na ushindi 10 na kushindwa 9, kwa sababu wenzake hawakumpigia mikimbio. Waandishi wa habari walimpa tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake bila kujali. Wao wenyewe walikuwa wameshaacha kuhesabu ushindi.

Hewa ya Nakuru

Sehemu hii ndiyo niliyoifurahia zaidi, na ndiyo shemeji aliyoisahau katika kujitetea.

Denver, kule Colorado, iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Uwanja wake wa Coors Field unajulikana na kila mshabiki kuwa ni makaburi ya warushaji. Hewa ya juu ni nyepesi, mpira uliopigwa unasafiri mbali zaidi, na ule unaopaswa kupinda ukielekea kwa mpigaji unapinda kidogo kuliko kawaida, kwa sababu kupinda kwenyewe kunahitaji hewa ya kushikia. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 2002 walianza kuhifadhi mipira kwenye chumba chenye unyevu ili isikauke na kuwa migumu kama mawe.

Sasa Kisumu iko kandokando ya ziwa, mita 1,130 hivi. Nakuru iko mita 1,850 hivi. Nakuru ingekuwa na timu ya ligi kuu, ingeipita Denver. Mashemeji hawa, wakitengeneza viwanja vyao ndani ya programu, walifuata jiografia: Kisumu wakaupa uwanja mpana na hewa nzito, Nakuru wakaupa hewa nyepesi. Programu inaheshimu hilo. Uwanja una vipimo vyake vya kuongeza au kupunguza homurani.

Maana yake homurani 170 za Heroe si sawa na 180 za Viboko. Zile za Nakuru baadhi yake zingedakwa mbele ya ukuta wa Kisumu. Ila usizidishe dawa: timu hucheza nyumbani nusu tu ya mechi zake, kwa hiyo marekebisho ni ya nusu. Hata hivyo yanasukuma upande mmoja. Pengo la 4.06 na 3.64 ni pana kidogo kuliko linavyoonekana.

Nyota mmoja na giza lililomzunguka

Hapo kinyozi alikumbuka silaha yake. "Lakini nina yule mtu wangu." Kweli anaye. Mwanzishaji wake wa kwanza ana ERA ya 2.40 katika awamu 220, straiki-tatu 250, njia za bure 45 tu, homurani 15. Hakuna wa kumkaribia upande wa Nakuru.

Hapa ndipo mabishano mengi ya besiboli hupotea njia, ya kompyuta na ya kweli. Watu huweka nyota mbele ya nyota, kama kumlinganisha mshambuliaji na mshambuliaji. Lakini awamu 220 kati ya 1,440 ni asilimia 15. Asilimia 85 ya msimu iko mikononi mwa watu ambao majina yao kinyozi mwenyewe huyasahau. Nilimwomba amtoe nyota wake kwenye hesabu. FIP yake yule bwana peke yake ni 2.33, kazi safi. Waliobaki je? Homurani 165, njia za bure 475, straiki-tatu 1,010, awamu 1,220. Jibu ni 4.37.

Heroe hawana nyota wala shimo. Watano wao wa kwanza wanafanana kama matofali ya tanuru moja. Katika msimu mrefu, siku nne kati ya tano, anayesimama kwa Nakuru ni bora kuliko anayesimama kwa Kisumu, na mwanzishaji akichoka awamu ya sita, wapokezi wa Nakuru ni bora pia. Kuhusu mmalizaji, ambaye watu humpa sifa nyingi, nina neno moja: mara nyingi huitwa kulinda uongozi ambao hata mrushaji wa kawaida angeulinda. Auti ngumu za mechi huwa zimetafutwa mapema, vituo vikiwa vimejaa, na mtu asiyejulikana.

Kwa msimu mzima, basi, warushaji wa shemeji ni bora. Nilitamka hivyo na simu ikapiga kelele kutoka Nakuru.

Ila kuna fainali. Msimu wao umewaleta hao wawili kwenye fainali ya mechi saba, mshindi anayetangulia kufikisha nne. Na mechi saba si 162. Mwaka 2014, katika fainali ya ligi kuu ya Marekani, Madison Bumgarner wa San Francisco Giants alianza mechi mbili, kisha akarudi mechi ya saba kama mpokezi akarusha awamu tano. Jumla awamu 21, ERA ya 0.43. Timu yake ilirusha awamu 61 katika fainali nzima. Mtu mmoja alibeba theluthi yake, wakashinda.

Turudi kwa kinyozi. Nyota wake akianza mechi tatu na kwenda awamu saba kila moja, ni 21 kati ya 63, theluthi kamili. Changanya theluthi ya 2.33 na theluthi mbili za 4.37, unapata 3.69. Heroe wana 3.64. Karibu pengo lote la msimu limeyeyuka! Ongeza miguu ya wale wadakaji, ambayo FIP haiihesabu lakini uwanjani ipo, na kinyozi anaweza hata kuwa mbele. Akianza mechi mbili tu, kikosi chake kinarudi 3.92, na Nakuru wanapumua. Nambari hiyo ya mwisho ni kali kidogo kuliko hali halisi, kwa kuwa fainalini kocha hufungia nje warushaji wake dhaifu zaidi, lakini mwelekeo ndio huo.

Tatu au mbili, kwa hiyo, ndilo swali. Na programu haisahau uchovu. Inahesabu mipira aliyorusha mtu siku zilizopita. Ukimrudisha kabla hajapumzika, kasi yake inashuka, usahihi unapotea, na hatari ya kuumia inapanda. Yule wa 2.33 akirudi na mkono mzito si wa 2.33 tena.

"Shem," sauti ya Nakuru ikasema, sasa kwa upole wa kutia shaka, "mpumzishe kijana, usije ukamvunja mkono."

Kinyozi hakumjibu. Alizima mashine, akaufungua ukurasa wa mrushaji wake na kuanza kuhesabu siku kwa vidole: mechi ya kwanza, ya nne, ya saba. Mteja kitini alikuwa amenyolewa upande mmoja tu wa kichwa.